Ikiwa mwito wa Mungu haushindwi, mbona walioitwa wengi hawaji?

Mtafuta Maana aliuliza:

Wapendwa, Bwana asifiwe. Ninaongoza darasa la Biblia la watu wazima, na kwa majuma matatu sasa tumekwama mahali pamoja. Tulikuwa tukisoma mfano wa karamu ya arusi katika Mathayo 22, tukafika kwenye mstari wa 14 usemao kwamba "waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache." Mmoja wetu akafungua Warumi 8:30, akatusomea: "Na wale aliowachagua tangu asili, hao akawaita, na wale aliowaita, hao akawahesabia haki." Kisha akauliza kwa upole swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa kila aliyeitwa amehesabiwa haki, wale wengi wa Mathayo walioitwa na wasiingie karamuni ni akina nani?

Ninafahamu kwamba Wakalvini, yaani wafuasi wa mafundisho ya Yohana Kalvini, hutofautisha mwito wa nje, yaani Injili inapohubiriwa na kusikiwa na kila mwenye masikio, na mwito wa ndani, ambao wengine huuita mwito wenye matokeo, yaani kazi ya Roho Mtakatifu ndani ya moyo ambayo humfikisha mtu kwa Kristo bila kushindwa. Nililieleza darasa hivyo, na maelezo yangu yakazaa maswali mazito kuliko lile la kwanza. Je, tofauti hiyo imo katika Maandiko yenyewe, au ni kiraka tulichokishona ili mistari miwili isigongane? Na kama imo, Mungu anapomwita kwa sauti ya nje mtu ambaye hakumkusudia mwito wa ndani, je, anamaanisha anachosema? Mmoja wetu alifananisha jambo hilo na kumwambia mtu aliyefungiwa chumbani aje mezani kula, na aliyemfungia ndiye huyo huyo anayemwita. Naomba msaada wenu, na tafadhali mnijibu kwa hoja, kwa sababu msimamo wa kila kanisa ninaujua tayari.

Mfinyanzi alijibu:

Ndugu Mtafuta Maana, nianze na neno lenyewe, kwa kuwa nadhani nusu ya ugumu imo humo. Lugha yetu ina maneno mawili ambayo Kigiriki cha Agano Jipya mara nyingi huyabeba kwa kitenzi kimoja. Sisi tuna mwaliko na tuna mwito. Mwaliko hupelekwa, na aliyealikwa anaweza kuukubali au kutoa udhuru. Mwito una uzito mwingine: mzazi akimwita mtoto kwa jina, au mahakama ikimwita shahidi, hatusemi amealikwa. Kitenzi *kaleo* cha Kigiriki kinasimama mahali pa yote mawili. Katika Mathayo 22 watumwa wanapeleka habari ya karamu, na wale wanaopelekewa wanakwenda zao, mmoja shambani na mwingine kwenye biashara yake. Huo ni mwaliko kwa maana kamili ya neno letu, na tungesoma "walioalikwa ni wengi" hakuna ambaye angeshangaa.

Paulo, kwa upande wake, karibu kila mara hulitumia neno hilo kwa maana ya pili, na mahali panapoonyesha jambo hilo wazi kuliko pote ni 1 Wakorintho 1:23-24. Anasema anamhubiri Kristo aliyesulibiwa, ambaye kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa Wayunani ni upuzi, "bali kwao waitwao, Wayahudi kwa Wayunani, ni Kristo, nguvu ya Mungu, na hekima ya Mungu." Angalia kwamba mahubiri ni yale yale na wasikilizaji wote wameyasikia. Kama "waitwao" wangekuwa ni kila aliyehubiriwa, basi yule aliyekwazika na yule aliyecheka nao wangekuwa waitwao, na sentensi nzima ingekosa maana. Paulo anazungumzia kundi lililo ndani ya wasikilizaji, linalotambulikana kwa kuwa kitu kilekile walichokidharau wenzao wao wamekiona kuwa nguvu. Kwa hiyo si kiraka. Wanatheolojia walikuja baadaye kutoa jina tu, lakini mpasuko wa maana ulikuwamo tayari katika barua ya mtume.

Warumi 8:30 inakwenda njia hiyo hiyo. Hata katika tafsiri yetu neno "hao" linarudiwa kila hatua, kama mtu anayehesabu kwa kidole: hao akawaita, hao akawahesabia haki, hao akawatukuza. Kigiriki nacho kina kiwakilishi hicho hicho kinachorudi. Hakuna mahali idadi inapopungua njiani.

Sasa niende kwenye chumba kilichofungwa, maana mfano huo unaumiza na unastahili kuheshimiwa. Mimi ningeuhariri sehemu moja. Yesu anasema katika Yohana 6:44 kwamba hakuna mtu awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba, lakini sura moja tu kabla ya hapo, katika Yohana 5:40, anawaambia watu wa namna hiyo hiyo, "Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Hawawezi, na hawataki, na mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Kumbuka ndugu zake Yusufu katika Mwanzo 37, ambao Maandiko yanasema hawakuweza kusema naye kwa amani. Ndimi zao zilikuwa nzima. Hakuna aliyewafunga kinywa. Chuki ndiyo iliyowafanya wasiweze, na hakuna hakimu ambaye angewaachilia kwa kuwa chuki yao ilikuwa kubwa mno kiasi cha kuwashinda. Mtu wa mfano wenu, basi, hajafungiwa na mwenye nyumba. Amekaa kwa hiari yake akiwa ameipa meza mgongo, chakula hakimpendezi, na kila akiitwa anachukizwa zaidi na sauti inayomwita.

Mwito wenye matokeo ni Mungu kumponya mtu huyo hamu yake. Katekisimu Fupi ya Westminster, iliyotungwa miaka ya 1640, inaueleza kwa hatua: Roho hutuonyesha dhambi na taabu yetu, hutia nuru akilini tupate kumjua Kristo, huifanya upya nia yetu, na kwa njia hiyo hutushawishi na kutuwezesha kumpokea Yesu anayetolewa kwetu bure. Ninalipenda neno "hutushawishi" hapo, kwa kuwa jiwe halishawishiwi. Kanuni za Dort za mwaka 1619, tamko jingine la imani la Wakalvini, zinasema waziwazi kwamba neema haimtendi mwanadamu kama gogo wala haiondoi nia yake, bali huihuisha, huiponya na kuielekeza.

Watu hukwama kwenye neno "kuvutwa" la Yohana 6:44, nao wana sababu. Kitenzi cha Kigiriki *helko* ndicho kinachotumika Petro anapoufuta upanga wake alani katika Yohana 18:10, jarife lenye samaki 153 linapovutwa pwani katika Yohana 21:11, na Paulo na Sila wanapokokotwa mpaka sokoni katika Matendo 16:19. Watafsiri wetu walihitaji vitenzi vitatu, kufuta, kuvuta na kukokota, kwa kitenzi kimoja. Lakini hicho hicho kimo pia katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Yeremia 31:3, mahali Mungu anapomwambia Israeli kwamba amempenda kwa upendo wa milele na kwa hiyo amemvuta kwa fadhili. Nguvu ipo kila mahali neno hili linapotokea. Namna ya nguvu inategemea kinachovutwa. Upanga unavutwa kwa mkono, na moyo unavutwa kwa kuonyeshwa uzuri ambao hapo awali haukuuona.

Kuhusu unyofu wa mwito wa nje, Dort hiyo hiyo ilikiri kwamba wote wanaoitwa kwa Injili wanaitwa kwa dhati, na kwamba Mungu anatangaza kwa kweli kinachompendeza, yaani kwamba wanaoitwa waje kwake. Ahadi ni hii: kila ajaye hatatupwa nje. Hakuna aliyewahi kuja akakuta ahadi hiyo ni ya uongo.

Kandili alijibu:

Ndugu Mfinyanzi, nimesoma kwa makini, na sehemu ya mwaliko na mwito imenifaa hata mimi nisiye upande wako. Naomba hata hivyo nikuoneshe mahali ambapo mfano wako haujaliondoa tatizo.

Umesema mtu hajafungiwa na mwenye nyumba, bali yeye mwenyewe hataki. Nakubali. Kisha umesema hawezi kutaka mpaka Mungu amponye nia yake, na kwamba uponyaji huo ukitolewa haushindwi, na kwamba kwa walio wengi hautolewi. Basi kufuli limehama tu kutoka mlangoni hadi moyoni, na ufunguo ungali katika mkono ule ule. Ndugu zake Yusufu wanahukumika kwa sababu chuki yao ni yao. Lakini kama angekuwapo mtu mmoja awezaye kuiondoa chuki hiyo kwa neno, akaiondoa kwa Yuda na asiiondoe kwa Simeoni, halafu akamwuliza Simeoni mbona husemi na ndugu yako kwa amani, sote tungeona kwamba swali hilo lina kasoro.

Pia nimeona mara nyingi katika mijadala kama hii kwamba anayekataa mwito usiopingika huitwa mfuasi wa Pelagius papo hapo, kana kwamba tumesema mwanadamu anaweza kujiendea kwa Mungu kwa miguu yake. Wewe hukufanya hivyo, na nakushukuru, ila nataka darasa la ndugu Mtafuta Maana lisikie. Sinodi ya Orange, mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, iliamua kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu ya kwanza kabisa ya kuamini, ni kazi ya neema. Arminius, mwanatheolojia Mholanzi aliyefariki mwaka 1609, hakulikana hilo, wala wafuasi wake hawakulikana walipoandika makala zao tano mwaka 1610. Makala ya nne inasema mwanadamu hawezi kuwaza wala kutenda jema lolote bila neema inayomtangulia na kumwamsha. Kinachokataliwa ni kwamba neema hiyo haiwezi kupingwa. John Wesley alifundisha vivyo hivyo katika karne ya 18: neema itanguliayo humfikia kila mtu, humrudishia uwezo wa kuitika, na hapo ndipo kukataa kwake kunakuwa kukataa kweli.

Na Maandiko yanaonyesha watu wakikataa kweli. Stefano anawaambia baraza la Wayahudi katika Matendo 7:51 kwamba siku zote wanampinga Roho Mtakatifu. Hasemi wanampinga mhubiri. Yesu anaulilia Yerusalemu katika Mathayo 23:37 kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku avikusanyavyo vifaranga chini ya mbawa zake, "lakini hamkutaka!" Kama kutaka kwake kulikuwa kwa sauti ya nje tu na ndani hakukusudia, maombolezo hayo ningeyasomaje? Na kile kitenzi *helko* ulichokifuatilia kwa bidii ulikisahau mahali pamoja, Yohana 12:32: "Nami nikiinuliwa juu ya nchi, nitawavuta wote kwangu." Wote, na si wote wanaokuja.

Kuhusu Warumi 8, mnyororo hauanzi na kuitwa. Unaanza katika mstari wa 29 na wale aliowajua tangu asili. Paulo anawafariji waamini wanaoteswa kwa kuwaonyesha kwamba Mungu aliyeanza safari nao ataifikisha mwisho. Hazungumzii wasioamini hata kwa neno moja, wala hasemi waliachwa kwa njia gani.

Msomaji wa Zamani alijibu:

Niongeze jambo moja la historia kwa kuwa nimelelewa katika Kanisa Katoliki na huwa natabasamu nikiwasikia ndugu Waprotestanti wakidhani mgogoro huu ni wao peke yao. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulifundisha kwamba hiari ya mtu iliyosukumwa na Mungu inaweza kukataa ikitaka, lakini haukueleza neema yenye matokeo inapataje matokeo yake. Baada ya Mjesuiti Luis de Molina kuchapisha maelezo yake mwaka 1588, Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya kitawa, walishambuliana kwa ukali kiasi kwamba Roma iliunda tume maalumu. Tume hiyo ilifanya kazi kuanzia mwaka 1598 hadi 1607, ikapita chini ya mapapa watatu, na mwishowe Papa Paulo V akaifunga bila kutoa uamuzi, akizikataza pande zote mbili kuita mafundisho ya wenzao uzushi. Wadominiko walisema neema hutenda kwa nguvu iliyomo ndani yake. Molina alisema Mungu humpa mtu neema akijua tangu awali kwamba mtu huyo, katika hali hiyo, ataikubali. Hakuna upande uliosema mtu huanza mwenyewe.

Mti wa Mtini alijibu:

Sisi Walutheri huwa tunasukumwa na pande zote mbili katika jambo hili, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Mfumo wa Makubaliano wa mwaka 1577, hati yetu ya imani, unatuonya tusiugawanye mwito wa Mungu kuwa wa dhati kwa hawa na wa maneno matupu kwa wale. Mwito ni mmoja, unakuja kwa Neno, na Roho yumo ndani ya Neno hilo kila linapohubiriwa. Anayeokoka ameokoka kwa neema peke yake, hata kuitika kwake ni zawadi. Anayepotea amepotea kwa kosa lake mwenyewe, kwa kumpinga Roho aliyekuja kweli. Mkiuliza kwa nini basi huyu na si yule, hapo tunanyamaza, si kwa uvivu, bali kwa sababu Maandiko yanasema mambo hayo mawili na hayatupi la tatu la kuyaunganisha. Ndugu Mfinyanzi anaunganisha kwa uamuzi wa Mungu, dada Kandili anaunganisha kwa hiari ya mtu, na kila mmoja analipa gharama yake mahali fulani.

Mfinyanzi alijibu tena:

Dada Kandili, neno la ufunguo limenipata, na sitajifanya halikunipata. Ni kweli kwamba katika imani yangu Mungu angeweza kumponya Simeoni na hakufanya hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba hakuwa na deni kwa Yuda wala kwa Simeoni, na rehema inayodaiwa huacha kuwa rehema. Hilo linajibu swali la haki. Swali la maombolezo juu ya Yerusalemu halijibu, na mimi siyapunguzi machozi yale kuwa maigizo. Naamini Mungu anapendezwa kweli na kuja kwa kila asikiaye, na kwamba hata hivyo hakukusudia kuwaleta wote. Jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja ndani yake sioni, na Mkalvini anayesema anaona ningemkwepa.

Lakini niruhusu nami niulize. Watu wawili wameketi benchi moja, wamesikia hubiri moja, wamepewa neema itanguliayo kwa kipimo kimoja. Mmoja ameitika na mwingine amekataa. Ni nini kilichowatofautisha? Kama ni neema, umerudi kwangu. Kama si neema, basi aliyeitika ana kitu kimoja ambacho mwenzake hana na ambacho hakukipokea, na Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 4:7, "Nawe una nini usichokipokea?"

Yohana 12:32 sikuisahau, nilihofia urefu. Wayunani walikuwa wamefika tu katika mstari wa 20 wakiomba kumwona Yesu, na naelewa "wote" kuwa jibu kwa ujio wao: si Wayahudi peke yao tena. Katika 6:44 yule anayevutwa ndiye yule atakayefufuliwa siku ya mwisho, mtu mmoja kwa mfululizo, na sijaona njia ya kumtenganisha.

Kandili alijibu:

Swali lako la benchi ni zuri, nami nitalijibu kwa unyofu ule ule. Aliyeitika hakuongeza chochote. Aliacha tu kupinga. Ombaomba anayefungua kiganja hajachangia senti katika sadaka. Najua utaniuliza kwa nini mwingine hakuacha kupinga, na hapo nitasema hiari haina sababu nyuma yake inayoilazimisha, la sivyo isingekuwa hiari. Ukiniambia hilo ni fumbo, nitakubali. Nimechagua fumbo hilo kwa sababu naliona lipo upande wa mwanadamu, na sipendi kuliweka upande wa wema wa Mungu.

Kuhusu 6:44, soma na mstari wa 45: "Basi kila aliyesikia na kujifunza kwa Baba huja kwangu." Kuna kusikia na kujifunza katikati ya kuvutwa na kuja.

Mtafuta Maana aliandika:

Nawashukuru nyote. Sikutegemea kupata mengi hivi, na tayari nimeandika upya somo langu mara mbili. Nakiri pia kwamba swali langu lilikuwa na swali jingine chini yake ambalo niliona aibu kuliandika mwanzoni.

Sina siku ninayoweza kuitaja. Nilikua nikisikia habari za Kristo, na sikumbuki wakati ambapo sikuamini, ingawa nakumbuka nyakati nyingi za kuamini kwa ubaridi. Tangu tuanze kuzungumza habari za mwito wa ndani wenye nguvu kama ule uliomtoa Lazaro kaburini, najiuliza kama mimi nimewahi kuitwa hivyo au nimezoea tu sauti ya nje. Wanafunzi wangu wawili wameniambia wanajiuliza vivyo hivyo. Kwa mtu wa namna hii mafundisho haya hufariji au hutisha?

Shemasi Mstaafu alijibu:

Mpendwa, nimekuwa nikisoma kimya, ila hapa nimeona nisinyamaze, kwa sababu nimekaa miaka mingi na watu wenye swali lako, na wengi wao walikuwa waamini wazuri kuliko wale wenye tarehe.

Ndugu Mfinyanzi alitaja Matendo 16 kwa ajili ya neno "kukokotwa." Rudi kwenye sura hiyo na uisome yote, maana ndani yake Luka ameweka watu wawili walioitwa katika mji mmoja kwa namna zisizofanana hata kidogo. Askari mlinzi wa gereza aliamshwa usiku wa manane na tetemeko la nchi, akauchomoa upanga ajiue, akaanguka akitetemeka mbele ya wafungwa wake akiuliza afanye nini apate kuokoka. Huyo bila shaka aliijua saa. Lidia alikuwa mcha Mungu tayari, ameketi kando ya mto siku ya sabato pamoja na wanawake wengine, akisikiliza. Luka anasema moyo wake ulifunguliwa na Bwana, ayatunze maneno yaliyonenwa na Paulo. Basi. Hakuna kutetemeka wala machozi, wala neno lolote kuhusu alivyojisikia. Mlango wa moyo ulifunguliwa kwa utulivu kiasi kwamba aliyekuwa karibu naye huenda hakuona chochote. Na kazi ya Mungu ndani yake haikuwa pungufu kuliko ile ya gerezani.

(Nimechekeshwa siku zote na jambo moja dogo hapo. Tunabishana kama Mungu humlazimisha mtu, lakini katika habari za Lidia anayelazimisha ni Lidia. Aliwasihi mitume wakae nyumbani mwake, na Luka anaongeza, "Akatushurutisha.")

Sasa angalia jinsi Lidia mwenyewe alivyosema juu ya wokovu wake: "Kama mmeniona kuwa mwaminifu kwa Bwana." Hakueleza kilichotokea ndani yake kando ya mto. Alielekeza macho yao kwenye alivyo sasa. Paulo anafanya hivyo pia katika 1 Wathesalonike 1:4-5: anasema anajua uteule wao, na sababu anayoitoa ni kwamba Injili haikuwafikia katika maneno tu, bali na katika nguvu. Aliujua mwito kwa kuona Neno limefanya nini kwao. Petro naye, katika 2 Petro 1:10, anaposema tufanye imara "kuitwa kwenu na uteule wenu," anaanza na kuitwa, ingawa kwa Mungu uteule ndio uliotangulia. Anatupandisha ngazi kutoka kipandio tunachoweza kukifikia.

Na Lazaro, kwa kuwa umemtaja: aliposikia "njoo huku nje" alitoka akiwa bado amefungwa sanda miguu na mikono. Kutembea kwake kulikuwa kubaya sana, nadhani, na wengine walihitajika kumfungua. Aliyekuwa akitazama mwendo wake angetilia shaka. Aliyejua kwamba mtu huyu alikuwa kaburini siku nne asingetilia shaka hata kidogo. Ubaridi unaoukumbuka ni sanda. Hoja ni kama unakwenda kuelekea sauti.

Swali ninalowauliza watu ni moja tu, nalo si la jana. Je, leo Kristo unayemsikia katika Injili unamwona kuwa upuzi, kikwazo, au nguvu ya Mungu? Paulo hakuwapa Wakorintho kundi la nne. Timotheo aliyajua Maandiko matakatifu tangu utoto, na hakuna mahali Paulo anapomtaka aonyeshe siku.

Kandili alijibu:

Shemasi, hapa natia sahihi pamoja nawe bila sharti lolote, na sidhani kama Mfinyanzi atakataa.

Mfinyanzi alijibu:

Sikatai. Ningeongeza tu kwamba aliyeufungua moyo wa Lidia anatajwa kwa jina katika sentensi hiyo, lakini nadhani nimeshasema ya kutosha.

Mtafuta Maana aliandika:

Shemasi, nimesoma jibu lako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama. Ahsante sana.

Juma hili sitafungua Warumi 8 kwanza. Nitampa yule aliyeuliza swali la mwanzo Matendo 16:13-34 aisome kwa sauti, kisha niwaombe wenzake waniambie ni akina nani walioitwa humo na kwa njia gani. Tofauti ya mwaliko na mwito itakuja baadaye, pamoja na 1 Wakorintho 1, na swali la dada Kandili kuhusu ufunguo nitaliweka ubaoni lilivyo. Mmoja wao bila shaka atauliza juu ya yule kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, ambaye Luka anatuambia alitokwa na pepo na hatuambii kama aliamini. Ndugu Mti wa Mtini, nikikwama hapo nitarudi kwako.

Mti wa Mtini alijibu:

Karibu, ndugu. Juu ya kijakazi huyo nitakuambia nisemalo siku zote: Luka amenyamaza.